Gauni la mshazari limeshuka upande mmoja

Swali: Mafundi, habari zenu. Mteja kaniletea picha ya gauni la Madeleine Vionnet, yule mbunifu wa mavazi wa Ufaransa wa zamani. Nimenunua satini Eastleigh, nikaikata mshazari, na sasa upindo umeshuka kushoto. Nimekosea wapi?

Mama Cherehani, Gikomba: Pole mdogo wangu. Usipinde siku hiyohiyo. Litundike siku mbili lijivute, kisha usawazishe mteja akiwa amelivaa. Vionnet, aliyefungua duka lake Paris mwaka 1912, alijaribu mikato kwenye kisanamu kidogo cha mbao. Kitambaa cha mshazari hunyumbuka, kikaufuata mwili bila koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno. Mwanamke anapumua! Nampenda kwa hilo.

Fundi wa Kariobangi: Legeza uzi pia, la sivyo mshono utakatika akiketi.

Muulizaji: Asanteni. Nimeshalitundika mlangoni.