Kazi ya akili mnemba inayojitengeneza yenyewe: iingie kwenye maonyesho ya pamoja Kampala, au ibaki nje?

Mratibu wa maonyesho
Ndugu zangu, hoja iko hivi. Maonyesho ya pamoja ya wiki nne: wachoraji, wachongaji, mfumaji mmoja. Mada ni lubugo, yaani kitambaa cha gome, na mutuba, mti unaotoa gome hilo. Limekuja ombi la kazi ya kompyuta. Programu inaanza na picha moja ya lubugo, inaipitisha kwenye modeli ya akili mnemba, tokeo linakuwa chanzo cha picha inayofuata, na kuendelea hivyo kutwa nzima. Msanii anasema kazi ni mwendo huo wenyewe, si picha yoyote moja. Baadhi ya washiriki wanatishia kuondoa kazi zao. Mimi naelekea kukubali kwa masharti. Semeni.

Mchoraji wa rangi za mafuta
Napinga, na si kwa kuiogopa mashine. Stable Diffusion, modeli ya kutengeneza picha ambayo wengi huitumia kwa kuwa inapakuliwa bure, ilifunzwa kwa sehemu za LAION-5B, mkusanyiko wa jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maneno zilizozolewa mtandaoni bila wenyewe kuulizwa. Kama kazi ni mchakato, basi mchakato unaanzia hapo. Msanii anatuonyesha kipande cha mwisho tu, kile kisicho na aibu. Fundi wa lubugo hafichi kitu: gome linabanduliwa msimu wa mvua, linagongwa kwa nyundo za mbao chini ya banda ili lisikauke haraka, na alama za nyundo zinabaki kwenye kitambaa.

Mwalimu wa historia ya sanaa
Mfano wako unakugeuka, ndugu. UNESCO mwaka 2005 haikutangaza kitambaa, ilitangaza ufundi wa kukitengeneza. Kwa hiyo hapa Uganda tayari tunakubali kwamba mchakato una thamani yake. Na si jambo la jana: Sol LeWitt, msanii wa Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akitoa maelekezo, watu wengine wakachora ukutani, na mnunuzi akapewa cheti. Harold Cohen alianza kuunda programu yake ya kuchora, AARON, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mchoraji wa rangi za mafuta
Maelekezo ya LeWitt yanasomeka. Naweza kusimama mbele ya ukuta na kukagua kama yamefuatwa. Sheria za AARON aliziandika Cohen mwenyewe. Hii ya sasa nitaikaguaje?

Msanii wa programu
Kwa kumbukumbu za kila raundi. Zikiwepo, kazi inakagulika. Zisipokuwepo, mwalimu, hiyo ni skrini tu na mchoraji ana haki ya kulalamika. Kila raundi iandikwe: faili gani ya modeli (pamoja na alama yake ya SHA-256, msimbo unaobadilika faili ikibadilika, maana jina la faili si ushahidi), maneno ya agizo, namba ya mbegu inayoamua chenga za kuanzia (vitone vya kubahatisha ambavyo modeli huanza navyo), idadi ya hatua, kiwango cha kubadilisha picha (kati ya 0 na 1), toleo la programu. Ukiwa na hayo unairudia raundi ya 400 ukapata picha ileile, au tofauti ndogo sana kama kadi ya grafiki si ya aina moja. Modeli iwe ndani ya kompyuta. Ukitegemea huduma ya mtandaoni, mwenye huduma akibadilisha toleo katikati ya maonyesho, kazi imebadilika bila wewe kujua.

Sasa kasoro ambayo waombaji wengi hawaisemi. Mzunguko wa aina hii huharibika wenyewe. Modeli za aina ya Stable Diffusion hupunguza picha mara 8 kila upande, zikafanya kazi humo, kisha zikaikuza tena. Kila safari kuna kinachopotea. Cha kwanza kwenda ni mistari midogo, yaani zile alama za nyundo zinazofanya lubugo iwe lubugo. Kisha rangi zinaungua: kahawia nyekundu inakuwa chungwa la kung'aa, vivuli vinakuwa weusi mtupu. Mbegu ikiwa ileile kila raundi, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chenga zilezile zinajipanga juu ya zilizotangulia. Dawa: badilisha mbegu kila raundi kwa kanuni iliyoandikwa, kiwango cha kubadilisha kisizidi 0.4, rudisha asilimia 10 hadi 15 ya picha ya mwanzo kila mara, na ulinganishe rangi na picha hiyo. Au msanii aseme wazi kwamba kuharibika ndiko kazi yenyewe. Ni halali kabisa, ila lisiwe jibu la kujitetea baada ya wiki ya kwanza.

Kuhusu LAION: kuna njia ya kutoka. StyleGAN2-ADA, modeli nyingine ya picha ya mwaka 2020, ilibuniwa kwa data chache, picha elfu chache zinatosha. Msanii apige picha zake mwenyewe kwa mafundi waliokubali. Kuifunza modeli kubwa picha 30 za nyongeza hakusafishi msingi wake, tusidanganyane.

Fundi wa skrini na umeme
Mmesahau umeme. Kompyuta hiyo ikikaza kazi inakula kama wati 500. UPS, yaani betri ya dharura, ya VA 1500 inaibeba dakika chache, za kuzima salama tu, si za kungoja umeme urudi. Mkitaka saa 4 bila jenereta ni kilowati-saa 2. Betri moja ya volti 12, Ah 200, ina 2.4 kwa karatasi; betri ya madini ya risasi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo mbili, na inverta nayo inakula sehemu yake.

Hatari kubwa ni pale umeme unaporudi. Programu ikianza upya na picha ya kwanza, maelezo ukutani yatasema raundi ya 900 na skrini iko raundi ya 3. Hapo mnamwongopea mtazamaji. Hali ihifadhiwe kila raundi: iandikwe kwanza kwenye faili ya muda, kisha ibadilishwe jina. Ukiandika moja kwa moja juu ya faili ya zamani na umeme ukakatika katikati, unabaki na nusu faili na raundi zote zimepotea. Kompyuta iwekwe kuwaka yenyewe umeme ukirudi, na masasisho ya kujiendesha yazimwe.

Projekta sikubali, inataka giza na wachoraji wanataka taa. Skrini, mwanga upunguzwe hadi ulingane na turubai za jirani. Na msiifungie kompyuta ndani ya kisanduku cha mbao eti ipendeze: tundu chini, tundu juu, la sivyo kadi inafika nyuzi 80 na kitu na kuanza kujipunguza kasi.

Mwanasheria wa hakimiliki
Sheria yetu ya 2006 inamtambua mtunzi kuwa mtu halisi, na hailindi mawazo wala mbinu. Mchakato kama mchakato hamuwezi kuuuza kama haki. Mkataba utaje vitu: programu iliyoandikwa na msanii, kumbukumbu za raundi, haki ya kuonyesha, na nani anaruhusiwa kuiwasha tena.

Mfumaji
Na wakianza kuuza picha zilizochapwa kutoka raundi "nzuri"? Walisema hakuna picha iliyo kazi.

Mratibu wa maonyesho
Hakuna kuchapa, dada. Hilo naliweka kwenye mkataba. Maelezo ya ukutani yatataja modeli, ilifunzwa kwa picha za nani, nani aliruhusu, na msanii aliamua nini. Kwa Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili.

Mchoraji wa rangi za mafuta
Asili ya modeli ikiandikwa kwa herufi zinazosomeka, sitaondoa turubai zangu. Bado sipendi. Na isikae ukuta mmoja na lubugo halisi.

Mratibu wa maonyesho
Itakaa chumba cha ndani. Saa 72 za majaribio kabla ya ufunguzi, na fundi atakata umeme makusudi mara tatu bila kumwambia msanii. Ikirudi kwenye raundi ileile mara zote tatu, inaingia.