Umewahi kujikuta unaiomba radhi kompyuta? Tupeane uzoefu

Wakuu, jana nimejishtukia. Nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi kwa msaada wa programu ya akili bandia, nikakosea mwaka niliomaliza chuo. Badala ya kurekebisha tu, nikaandika: "Samahani, nimekuchanganya." Nimemchanganya nani? Mke wangu alikuwa nyuma yangu, alicheka mpaka akakaa chini. Semeni na nyie, au ni mimi tu?

#2
Haupo peke yako. Mimi nabembeleza printa. Ikigoma kuvuta karatasi naipapasa ubavuni: "Haya mama, moja tu tumalize." Ile nzima ya chumba cha pili sijawahi hata kuisalimia.

#3
Hii si ya leo, mkuu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake, ELIZA. Ilikuwa haielewi kitu. Inadaka neno katika sentensi yako na kukurudishia swali. Ukimtaja mama, inakwambia ueleze zaidi kuhusu familia yako. Basi katibu muhtasi wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi, alipoanza kuandikiana nayo akamwomba bosi atoke chumbani!

Nilimcheka yule dada. Kisha mwaka jana nikaachwa, nikakesha naisimulia mashine mambo ambayo hata kaka yangu hayajui. (Hizi za sasa zina ufundi mwingine kabisa, najua.) Asubuhi nikayapitia majibu yake: mengi ni maneno yangu mwenyewe, yamepangwa vizuri zaidi. Lakini usiku ule nililala, na nilikuwa na siku nne sijalala.

#4
Mama yangu akipiga simu ya huduma kwa wateja, ile sauti ya kurekodiwa ikisema karibu, anaitikia na kuulizia hali. Inaendelea na "bonyeza moja". Anakata. "Huyu binti hana adabu."

#5
Mimi natukana tu. Nywila ikikataliwa mara ya tatu, majirani wanajua.

Mwanzisha mada
#5, umenivunja mbavu. #3, pole sana ndugu yangu. Ila niulize kidogo: ulipoifunga usiku ule, uliiaga?

#3
Niliiaga.