Nimekulia kwenye Yes, Genesis na King Crimson: roki ya progresivu ya sasa niianzie wapi?

Santuri_Kamalondo

Jambo yenu wapenzi wa muziki,

Niko Lubumbashi, Kamalondo. Marehemu baba alikuwa fundi umeme Gécamines, kampuni ya migodi. Miaka ile, mhandisi wa kigeni akimaliza mkataba aliuza vyombo vya nyumba kabla ya kurudi kwao, na wafanyakazi walikimbilia friji na makochi. Baba alirudi na sanduku la santuri. Mlikuwamo Close to the Edge ya Yes, Foxtrot na Selling England by the Pound za Genesis, Red ya King Crimson, Thick as a Brick ya Jethro Tull na Animals ya Pink Floyd. Ndizo nilizokulia, pamoja na rumba iliyotoka kila baa ya mtaa wetu. Wala sioni kama vitu hivi viwili vinagombana. Mtu aliyezoea TPOK Jazz kujaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja hawezi kushtushwa na dakika 18 za Close to the Edge.

Sasa nataka kusikia wanaopiga muziki huu leo, roki hii ya nyimbo ndefu zinazobadilika badilika. Vijana wa kazini wamenipa Dream Theater, Haken na Tool. Nimesikiliza kwa moyo mweupe. Wanajua kupiga, sibishani na mtu. Lakini gitaa ni zito kuanzia mwanzo hadi mwisho, dramu ya miguu miwili haipumziki, na kila chombo kiko juu wakati wote. Baada ya nyimbo tatu masikio yamechoka.

Ninachokitafuta ni hiki. Kwenye Close to the Edge bendi nzima inakwenda mbio, halafu katikati inatulia. Zinabaki sauti za waimbaji zikiitikiana taratibu juu ya kinanda, maji kama yanadondoka hivi, na unasahau kabisa fujo ya mwanzo. Halafu, baada ya dakika ya 12, kinanda kikubwa cha kanisa cha Rick Wakeman kinaingia kwa nguvu zote. Nimeusikia wimbo huo tangu utoto na mpaka leo pale nasimamisha kazi niliyoshika. Kinanda kile kina nguvu kwa sababu kabla yake palikuwa kimya.

Nani katika hawa wa sasa bado anajua kufanya hivyo? Sitafuti waigaji, nikitaka Genesis ya 1973, ninayo nyumbani. Na tafadhali msinipe orodha ya bendi 30. Mega ni ghali. Nipeni albamu moja, na sababu yake.

Mellotron_Likasi

Mukubwa, anza na Steven Wilson, albamu The Raven That Refused to Sing ya mwaka 2013.

Sababu ni hii. Huyu Mwingereza ndiye aliyepewa kanda za asili za bendi zako azichanganye upya. Alifanya In the Court of the Crimson King na Red mwaka 2009, akishirikiana na Robert Fripp mwenyewe, mpiga gitaa wa King Crimson, kisha Thick as a Brick, kisha Close to the Edge mwaka 2013. Yaani katika sanduku la baba yako, santuri tatu zimepita mikononi mwake. Amekaa na kila chombo peke yake, amesikia besi ya Chris Squire wa Yes bila kitu kingine. Mtu akishapita darasa kama lile haandiki tena wimbo kwa namna ile ile. Na alipokwenda kurekodi The Raven, fundi wa sauti alimchukua Alan Parsons, yule yule aliyerekodi The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Wanamuziki walipiga pamoja studioni kama zamani, na ndiyo maana utasikia chumba, si ukuta.

Kuhusu masikio kuchoka, hilo lina maelezo ya kifundi. Tangu miaka ya 1990 watu wa studio walianza kubana sauti ili rekodi isikike kwa nguvu kuliko ya jirani yake redioni. Sehemu za chini zikapandishwa mpaka zikazikaribia za juu. Ukimya ukafa. Santuri za baba yako zilitengenezwa kabla ya mashindano hayo. Kwa hiyo si lazima bendi ndiyo iliyokosea. Mara nyingine wimbo una vilima na mabonde, ila mtu wa mwisho kuushika studioni ameusawazisha. Wilson ni mmoja wa wanaokataa jambo hilo.

Sikiliza usiku, kwa hedifoni, na usianze na wimbo wa mwisho.

Mama_Golf

Mimi sikubaliani na Likasi. Wilson ni fundi mkubwa, lakini nyimbo zake ni za baridi, kila mtu anakufa ndani yake. Mpenzi wa Selling England anahitaji moyo.

Yaya Santuri, mimi nakupa Big Big Train, albamu English Electric Part Two ya 2013, na wimbo wa kwanza, East Coast Racer. Ni dakika 15 na kidogo juu ya gari moshi la Uingereza linaloitwa Mallard, lililoweka rekodi ya dunia ya mwendo wa injini ya mvuke Julai 1938: maili 126 kwa saa, zaidi ya kilomita 200. Wimbo unaanza na piano peke yake. Kisha wanaingia mafundi waliolitengeneza, watu wa karakana wenye mikono ya mafuta, si mabwana wakubwa. Mwendo unapanda kidogo kidogo, na mwimbaji David Longdon anapofika mahali gari linaposhika kasi yote, mimi machozi hunitoka. Kuna tarumbeta na tromboni ndani yake, kama za bendi za kule kwenye migodi ya Uingereza.

Babu yangu aliendesha magari ya mvuke BCK, kampuni ya reli, kabla haijaitwa SNCC. Mji wetu huu reli iliufikia mwaka 1910, na familia ngapi hapa zimekula mkate wa reli? Sijapata kusikia wimbo wa roki unaowaheshimu watu wale namna hii.

Longdon aliwahi kujaribiwa na Genesis yenyewe mwimbaji wao Phil Collins alipoondoka miaka ya 1990, hawakumchukua. Alifariki Novemba 2021. Sauti yake itakukumbusha zamani, lakini hadithi ni zake mwenyewe.

Dramu_Katuba

Papa Santuri, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao vijana wa Haken na Dream Theater, naomba niwatetee.

Uzito si kitu kipya. Katika sanduku lile la mzee mlikuwamo Red, ya 1974. Wimbo wake wa kwanza ni chuma kitupu, na vijana wengi wa metali waliozaliwa baadaye walijifunzia pale. Kwa nini Fripp aruhusiwe na Haken wakatazwe? Jaribu Cockroach King, kwenye The Mountain ya 2013. Sauti zinapokezana neno kwa neno kama bendi ya zamani ya Gentle Giant walivyofanya, na kuna mahali wanapiga kwa utani kabisa, karibu jazi.

Kama bado unaona ni kizito, basi Opeth wa Sweden, albamu Damnation ya 2003. Bendi hiyo ilijulikana kwa sauti ya kunguruma, lakini kwenye hiyo hakuna hata mngurumo mmoja. Mikael Åkerfeldt anaimba taratibu, Wilson anapiga Mellotron, kile kinanda cha zamani kinachotoa sauti kutoka kwenye kanda. Ukiipenda bendi ya zamani ya Camel, utaielewa siku hiyo hiyo.

Santuri_Kamalondo

Aksanti sana wote. Nimenunua zote nne na nimekaa nazo, usiku, baada ya majirani kulala. Nitasema ninavyoona.

Kwanza nimjibu kijana wangu wa Katuba, kwa sababu swali lake ni zuri na limenifanya nitoe Red kwenye sanduku. Ni kweli, Red ni nzito. Lakini sikiliza Starless, wimbo wa mwisho wa santuri ile. Unaanza kwa Mellotron, laini, John Wetton anaimba kwa huzuni. Sauti yake inapokwisha, Fripp anashika noti moja ya gitaa. Moja tu. Anaipiga, anairudia, anaipandisha hatua ndogo, chini yake besi inazunguka kwa mapigo 13, dramu za Bill Bruford zinagusa hapa na pale kama hazijaamua. Dakika nyingi zinapita hivyo na kifua kinabana. Kisha vyote vinalipuka, na mwishoni kabisa saksofoni inarudisha melodia ile ya mwanzo, ile laini, sasa kwa nguvu zote. Hapo uzito umetembea kwa miguu mpaka kufika. Umetolewa jasho. Bendi inayoanza ikiwa pale juu tangu sekunde ya kwanza haina tena pa kupanda. Hilo ndilo lalamiko langu, si gitaa la chuma. Cockroach King nimeusikiliza na kwa kweli umenifurahisha, hasa zile sauti zinazopokezana. Wanasikilizana wale. Nyimbo nyingine za albamu ile bado nazichukua moja moja.

The Raven. Likasi, umenipa kitu. Luminol inaanza na besi na dramu zikikimbizana, nikadhani ni yale yale. Halafu katikati inashuka, inabaki gitaa, filimbi na mtu anaimba polepole, mpaka Mellotron inakuja kufunika vyote kwa kishindo. Nilikaa wima kitandani. Huyu mtu anajua kungoja! Wimbo wa mwisho, ule wa mzee anayemwona kunguru na kuamini ni dada yake aliyefariki utotoni, nimeelewa kwa nini ulinizuia kuanza nao. Mama Golf anasema ni baridi. Mimi sikuona baridi, niliona msiba, na msiba una haki yake katika muziki.

Lakini East Coast Racer ndiyo niliyorudia kuliko zote. Ile piano ya mwanzo, na jinsi wanavyokutaja wewe fundi kabla ya kulitaja gari! Baba yangu alitengeneza mota za umeme maisha yake yote na hakuna aliyemwimbia. Wale tromboni wanapoingia chini ya sauti ya Longdon, hakuna kelele, kuna upana tu. Genesis hawakuandika wimbo huu na wasingeuandika. Genesis waliimba hadithi za kale na vituko vya mabwana. Huu ni wa mafundi wa karakana. Kwa hiyo yule aliyeniambia zamani kwamba bendi kama hizi ni kivuli cha zile za 1972, sasa nina jibu la kumpa.

Damnation nimeisikiliza nusu, umeme ukakatika na simu ikafa. Nusu hiyo ni nzuri. Swali langu la pili: kutoka hapa naenda wapi, nikitaka uzito ule wa Starless, wa kutembea kwa miguu?

Mellotron_Likasi

Porcupine Tree, bendi ya Wilson mwenyewe. Albamu Fear of a Blank Planet ya 2007, wimbo Anesthetize, dakika 17 na zaidi. Sehemu ya kwanza ni dramu za Gavin Harrison zikizunguka chini chini, hazipigi kwa nguvu, zinatambaa tu. Solo ya gitaa ni ya Alex Lifeson wa Rush. Sehemu ya pili ni chuma, na nakuonya kabisa, ni chuma hasa. Lakini sehemu ya tatu inafunguka kama pwani, sauti tupu zikielea juu ya gitaa jepesi. Sikiliza zote tatu kabla ya kuhukumu. Huyo Harrison alichukuliwa na Fripp kuingia King Crimson, naye Fripp mwenyewe anasikika kwenye albamu hiyo hiyo, wimbo Way Out of Here.

Dramu_Katuba

Na kwa kuwa papa anapenda Jethro Tull: Opeth walitoa The Last Will and Testament mwaka 2024, na Ian Anderson yumo, filimbi yake na sauti yake ya kusimulia. Ila hapo mngurumo umerudi. Maliza Damnation kwanza.

Mama_Golf

Mimi bado namshika mkono kwenye upande wa Big Big Train. Yaya, kabla ya Anesthetize pitia The Underfall Yard, ya 2009. Wimbo wenye jina la albamu ni mrefu kuliko Close to the Edge, na tarumbeta zilianzia huko.

Santuri_Kamalondo

Nimeandika zote. Mwisho wa mwezi nitanunua The Underfall Yard na Fear of a Blank Planet pamoja. Katuba, hicho cha Ian Anderson kitangoja, lakini kitasikilizwa, filimbi ile siwezi kuiacha. Na kama kuna mtu hapa Lubumbashi mwenye sindano ya kubadilisha ya mashine ya santuri ya Thorens, aniandikie kwa faragha. Yangu imeanza kukwaruza Foxtrot.