Naomba ushauri: mfano wa mitaa ya mbio za Monaco, 1929

Ndugu wanachama, ninawatengenezea wanafunzi wangu mfano wa maboksi wa mitaa ya Monaco, ambako tarehe 14 Aprili 1929 William Grover-Williams, akiendesha gari la kijani aina ya Bugatti, alishinda mbio za magari za mizunguko 100 ya kilomita 3.18, katikati ya nyumba, hoteli na bandari. Kwa kipimo cha 1:2000 njia nzima ina mita 1.59, lakini mlima wa kutoka kona ya Sainte-Dévote hadi jumba la Kasino, ambao kwangu ndio roho ya mbio zile, unabonyea kila ninapoupaka gundi ya unga. Je, nitumie udongo wa mfinyanzi au karatasi zilizolowekwa? Na reli za tramu, zilizokuwa bado barabarani wakati ule, zitaonekana vizuri zaidi kwa uzi au kwa waya mwembamba?