Tupeane uzoefu: kutunza msitu mkavu kwa ajili ya hewa ukaa na wanyama

Mwanamiombo
Wakuu, vijiji vingi vimeshasikia habari za biashara ya hewa ukaa (kulipwa kwa kutunza miti inayohifadhi kaboni), ila kazi inakwama kwenye mambo ya porini. Tuweke hapa mbinu zenyewe: vipimo, miezi, makosa.

Naanza na moto. Kwenye misitu ya miombo ya kusini mwa Tanzania choma nyasi kwa makusudi mapema, Mei hadi Juni, nyasi zikiwa zimekauka juu lakini shina bado lina ubichi. Washa kuanzia saa kumi jioni, moto uende kinyume cha upepo, na umande wa usiku utausaidia kuzimika. Choma vipande vipande, siyo eneo lote kwa mara moja, ili wanyama wabaki na malisho na maficho. Ukichelewa hadi Septemba au Oktoba mwali unapanda juu sana. Miti mikubwa mingi itapona, lakini miche inaungua hadi chini, inachipua kutoka mizizini, mwaka unaofuata inaungua tena. Hapo una msitu wa wazee usio na watoto.

Barabara ya kinga moto iwe mita 3 hadi 5, ipaliliwe mpaka udongo uonekane. Wengi wanasafisha Mei na kuridhika. Miti ya miombo inapukutisha majani kuanzia Julai, kwa hiyo Agosti barabara imeshajaa majani makavu. Rudieni kuifagia.

Nyika ya Taru
Ndugu, hayo ya moto ni ya miombo, tafadhali mtu asiyalete huku. Huku Kenya, kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, tuna migunga na miti ya jamii ya manemane, na manemane haistahimili moto. Huku kinachomaliza msitu ni shoka na tanuru la makaa. Ukipiga marufuku makaa bila kuleta nishati nyingine, ukataji unahamia nje ya mpaka wa mradi, na hewa ukaa uliyodhani umeiokoa imetoka kwa jirani. Pogoeni matawi bila kugusa shina, yachomeni kwenye pipa, sageni, changanyeni na uji wa muhogo, kisha shindilieni vitofali vya makaa.

Kuhusu ndovu: ukanda wao usiwekwe ua, linda shamba. Ua wa mizinga ya nyuki unafaa. Kila mita 10 ning'iniza mzinga, kisha ubao wa bandia (mfano wa mzinga, bila nyuki), hivyo hivyo kwa zamu. Ekari moja inataka mizinga 12 na bandia 12. Waya uunganishe mzinga na mzinga, usipigiliwe kwenye nguzo, maana ndovu akiusukuma mzinga lazima uyumbe ndipo nyuki watoke. Wakati wa ukame nyuki huhama, kwa hiyo weka maji karibu na kivuli juu ya mzinga.

Tepu na Dira
Upande wa vipimo ndiko pesa inakopotea kimyakimya. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Mti uliogawanyika chini ya hapo ni miti miwili. Ukipima mzingo, gawa kwa 3.14: sm 94 ni kipenyo cha sm 30. Ukishusha tepu hadi penye unene ukapata sm 34, uzito wa mti unazidi kwa takriban theluthi, kwa sababu uzito unakua haraka kuliko kipenyo.

Weka maduara ya sampuli msituni, mita zikihesabiwa kutoka katikati hadi ukingoni. Duara la mita 15 pimia miti ya kipenyo cha sm 20 kwenda juu. La mita 10, kuanzia sm 10. La mita 5, kuanzia sm 5. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye fomu ni kuzidisha miti yote kwa namba moja. Ili upate idadi kwa hekta, miti ya duara la mita 15 zidisha kwa 14.1, ya mita 10 kwa 31.8, ya mita 5 kwa 127. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 15 za ramani (za mlalo) ni karibu mita 16 za tepu ukipanda au kushuka.

Baada ya hapo, uzito mkavu wa miti mara 0.47 ni kaboni, na kaboni mara 3.67 ni hewa ukaa. Mbuyu usiupigie hesabu ya miombo: mti wake mwepesi, umejaa maji, na mara nyingi una pango.

Mwanamiombo
Asante sana mkuu. Na mgawo wa mapato je?

Karani wa Kijiji
Kenya, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi. Tanzania someni Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022, na mradi upitie kituo cha taifa cha kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Kabla ya yote, mkutano mkuu wa kijiji upitishe mipaka na vijiji jirani wasaini muhtasari.

Halafu kagueni GPS. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa majira wa Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya bila kubadilisha, mpaka unahama karibu mita 300, na hizo zinatosha kuingia kwenye mashamba ya kijiji cha pili.