Maofisi ya vioo Nairobi ni tanuri, na jumba la mikutano la KICC limesimama pale tangu 1973!

Wadau, hili limevuka mpaka. Kila ghorofa jipya Upper Hill na Westlands ni kioo sakafu hadi dari, pande zote nne. Ikifika saa tisa alasiri, wa upande wa magharibi wamevuta mapazia, wamewasha taa, na viyoyozi vinanguruma. Mpangaji analipia kioo apate mwanga, analipia umeme kufukuza joto la kioo hichohicho, kisha analipia taa kwa sababu mwanga ameuzuia mwenyewe. Huu ni wizi!

Hesabu yenyewe si ngumu. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri Juni huegemea kaskazini nyuzi kama 25 kutoka utosini, Desemba huegemea kusini nyuzi 22. Kwa madirisha yanayotazama pande hizo, kibao cha zege kinachotokeza nje juu ya dirisha, sentimita 50 kwa kila mita moja ya kimo cha kioo, kinalikinga jua hilo. Balaa ni mashariki na magharibi. Huko jua liko chini, linapenya chini ya kibao, kwa hiyo weka ukuta, au madirisha membamba yaliyozamishwa katikati ya nguzo za wima. Na kivuli kikae NJE. Pazia la ndani linakutana na joto likiwa limeshaingia chumbani.

Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, wasanifu wa KICC, walilijua hili. Mnara wa KICC ni wa mviringo, hauna upande wa kukwepa jua, ndiyo maana wakauvika zege na kurudisha madirisha ndani.

Halafu wapangaji wakilalamika, mwenye jengo anabandika plastiki nyeusi kwenye kioo. Kioo kinafyonza joto, katikati kinatanuka huku kingo zilizo ndani ya fremu zimebaki baridi, kinapasuka kuanzia ukingoni. Nani analipa? Mpangaji tena, kupitia ada ya huduma.

Linaloudhi kuliko yote ni madirisha yasiyofunguka. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku una baridi ya bure! Stima zikipotea, na jenereta inabeba lifti na taa tu, watu wanakaangika.

Kabla ya kusaini mkataba, nendeni mkakague jengo alasiri, upande wa magharibi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Ulizeni pia ni madirisha mangapi yanafunguka.