"Outdated", "obsolete", "old-fashioned": lipi litumike wapi?

Mhariri_Kijana
Wakuu, nahariri ripoti ya Kiingereza kuhusu vifaa vya ofisi. Mwandishi kaweka "outdated" kila mahali: kompyuta, kanuni, samani, hata rangi za ukuta. Nitofautisheje bila kuharibu maana?

KalamuNyeusi
Mkuu, angalia kwanza kitu chenyewe kimepungukiwa nini. Kama kimepitwa na kipya zaidi lakini bado kinatumika, iache "outdated". Inakaa vizuri kwenye taarifa, kanuni, ramani na programu. "Obsolete" ni kali zaidi: kitu kimeshaachwa kwa sababu kingine kimechukua nafasi yake, kama disketi. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Ukiita "obsolete" mashine ambayo vipuri vyake bado vinauzwa, msomaji ataelewa kwamba haifai tena hata kukarabatiwa, na uamuzi wa kununua nyingine unaweza kupita kwa neno hilo moja. Inayoelekea huko lakini haijafika ni "obsolescent".

Rangi za ukuta ziite "dated": zilipendeza wakati wake, sasa ukizitazama tu unajua ni za enzi gani. "Old-fashioned" nayo inahusu mtindo, tabia au fikra, na mara nyingine ni sifa, mfano "old-fashioned courtesy". "Antiquated" haina sifa hata kidogo. Ni lawama kwa mfumo uliochakaa mpaka unakwamisha kazi.

Fundi_wa_Kodi
Kwenye programu kuna "deprecated", na watu huichanganya sana na "obsolete". Mfano mzuri ni lebo ya font, iliyotumika kupanga sura ya maandishi kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti: HTML 4 ya mwaka 1997 iliitangaza "deprecated", yaani bado inafanya kazi ila unashauriwa uiache na utumie CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa. HTML5 ndiyo ikaiita "obsolete". Usiyabadilishane hata kama sentensi inaonekana nzuri zaidi.

Mwl_Sarufi
Kagua pia "old fashion chairs". Ni kosa, lazima iwe "old-fashioned", pamoja na -ed. Kistari nacho: "an out-of-date list" kabla ya nomino, lakini "the list is out of date" baada ya kitenzi. Leseni iliyoisha muda ni "expired", si "outdated".

Mhariri_Kijana
Ahsanteni sana. Na samani? Mwandishi kaandika "vintage" kwenye sehemu ya kuomba fedha za kuzibadilisha.

KalamuNyeusi
Iondoe. "Vintage" ni neno la kusifia: kitu cha zamani chenye thamani. Bodi itauliza kwa nini mnataka kukitupa. "Antique" pia hapana, kwa desturi ya wauzaji ni kitu cha miaka 100 au zaidi. "Retro" mara nyingi ni kipya chenye sura ya zamani. Andika "worn" kama samani zimechakaa, au "outdated" kama hazilingani na kazi ya sasa, kisha utaje kasoro: miguu inayolegea, droo zisizofunga.